Nguruwe Aliyevishwa Kengele

Akolong: Haloo, Mama Mukami? Unanisikia?

Kanana: Nakusikia nusu nusu. Ni nani huyo na namba ngeni?

Akolong: Ni Akolong wa Kiwanjani. Simu ni ya baba. Habari ya huko Subuiga?

Kanana: Ni baridi tu. Mbona unahema, umefukuzwa?

Akolong: Nimejifukuza mwenyewe. Gichunge amepita hapo kwa kibanda chako?

Kanana: Gichunge wa pikapu? Bado. Akipita lazima anywe chai. Kwani—

Akolong: Msimamishe. Amebeba nguruwe wangu anampeleka bucha, na nimempa yule si wa kupeana.

Kanana: Ngoja. Una majike wawili tu, watoto wa yule mama niliyekupa, marehemu. Mmoja wa bucha, mmoja wa kuzalisha. Umepeana yupi?

Akolong: Yule mrefu.

Kanana: Mwenye chuchu kumi na nne?

Akolong: Huyo.

Kanana: Mwenye miguu imesimama kama nguzo? Si ndiye amefanana na mama yake kabisa, yule alikuwa anazaa na halalii mtoto hata—

Akolong: Usimsifu sana. Bado niko na roho.

Kanana: Na umebaki na nani, mwanangu?

Akolong: Na Nakori.

Kanana: Ati Nakori. Ako na jina.

Akolong: Ni hayo mabaka yake, meusi kwa meupe, yamepangika kama ya twiga. Kwetu Waturkana ng'ombe wa rangi hiyo akipita, hata kama ulikuwa unakimbilia choo, unasimama. Nikasema huyu ndiye wa kubaki. Nikamwongeza pumba. Nikamvisha kengele.

Kanana: Kengele gani?

Akolong: Ile ya dume la baba, yule ng'ombe aliyekuwa akimwimbia.

Kanana: [anacheka] Subiri nitafute kiti.

Akolong: Cheka tu. Juzi Sora jirani, yule Mwislamu, aliisikia akaja na kibuyu, anauliza kama tumepata ng'ombe wa maziwa. Nikamwonyesha banda.

Kanana: Akasemaje?

Akolong: Alichungulia bandani, akafunika kibuyu chake, akatuombea baraka, akaenda.

Kanana: Lakini mimi nilikuambia uangalie nini?

Akolong: Chuchu, urefu, miguu ya nyuma, na mama alizaa wangapi akalea wangapi. Yote niliweka kichwani. Shida ni macho. Macho yangu ni ya mtu wa ng'ombe, yanakimbilia rangi. Gichunge alipoondoka nikamlaza Nakori nimkune tumbo, kama kumpongeza. Ndio nikahesabu. Ziko kumi, na mbili zimeingia ndani kama kitovu.

Kanana: Na akizaa kumi na wawili?

Akolong: Wengine watanyonya kengele.

Kanana: [mtandao unakwaruza] —huyo anakuja. Gichunge, simama. Akolong, usikate.

Akolong: Sikati. Krediti ndiyo itakata.

Kanana: Nimemwambia. Anasema pikapu yake si ya kurudisha abiria. Namwekea chai kwanza. [anamimina chai] Sasa anasema atageuza, lakini bucha inangoja nguruwe leo, hawezi kurudi mikono mitupu. Anataka kusikia kwa mdomo wako ni nani atapanda. Nimeweka sauti kubwa. Sema.

Akolong: Ngojeni kidogo.

Kanana: Akolong, chai yake inaisha.

Akolong: Niko hapa. Ni vile mzee wangu yuko bandani na Nakori. Anamwimbia.

Kanana: Anamwimbia nguruwe?

Akolong: Ule wimbo wa dume lake. Ametoa jina la dume akaweka Nakori. Mara ya kwanza nilidhani ananicheka mimi. Lakini ameinua mikono juu kama pembe, na amefunga macho. Tangu ukame umalize ng'ombe, Mama Mukami, hiyo mikono sijaiona ikiinuka—

Kanana: Basi umwache. Nimwambie Gichunge aende zake?

Akolong: Na mwaka ujao tuuze nini? Nyimbo?

Kanana: Hiyo ni yako kujibu.

Akolong: Achukue Nakori. Anirudishie yule mrefu.

Kanana: Amesikia. Anaweka kikombe chini.

Akolong: Mwambie akifika hapa asipige honi.

Kanana: Kwani nguruwe atajua?

Akolong: Nguruwe hajui kitu. Ni mzee. Nataka amalize kuimba kwanza.

Kanana: Utamwambia nini?

Akolong: Sijui bado. Nita—

Kanana: Haloo? Akolong? Imekatika. Gichunge, hebu rudi ukae. Nakuongeza kikombe kingine.