Bwana Cuthbert Haule, Mlezi wa Bakteria Wanaodai Kobalti
Na Muuguzi Zita Kapinga, wodi ya wanawake

Baada ya miaka ishirini na minane katika hospitali yetu ya kando ya ziwa, Bwana Cuthbert Haule, mkuu wa maabara, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1974. Amechoka. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hasemi, na sisi wauguzi tumechoka kumwambia apumzike.

Alianza mwaka 1946 kwa kufua mashuka, akahamishiwa maabara, akapelekwa kozi, akarudi na cheti pamoja na miwani. Tangu hapo amepima damu, makohozi na choo cha watu wa Kitura, Mapera na mwambao mzima, na hamu ya kula haijawahi kumpotea.

Mwaka 1965 aliletewa bakteria. Hawa hawamdhuru mtu. Wanafugwa, kama kuku. Ndani yao mna kimeng'enya kinachotengeneza vijenzi vya DNA, nacho hakifanyi kazi bila madini ya kobalti yaliyomo ndani ya vitamini B12. Wakiikosa, hawazaliani. Binadamu naye akiikosa damu humwishia, ingawa mwilini mwake vitamini hiyo ina njia nyingine ya kufanya kazi. Basi Bwana Haule alikuwa anatia maji ya damu ya mgonjwa kwenye neli ya kioo yenye chakula cha bakteria kisicho na vitamini hiyo. Neli ikichafuka kama togwa, mgonjwa anayo. Ikibaki angavu, hana.

Bakteria hao hutaka joto lisilobadilika. Sanduku lao hupashwa kwa taa ya mafuta, na taa ile, jamani, imetutesa! Kila arusi, kila kipaimara, kila Saba Saba, sahani ikifika tu mbele yake Bwana Haule anainuka: "Ngojeni kwanza, nikaone taa." Akirudi, ugali umepoa na samaki wameliwa. Wengine nimewala mimi.

Mwaka 1970 Mama Vitalia Ndunguru aliletwa kutoka Matiri juu ya lori la kahawa, viganja vyeupe, hawezi hata kumpakata mwanawe. Vidonge vya madini ya chuma havikumsaidia. Sindano za B12 kabatini zilikuwa chache, na daktari hakutaka kuchoma kwa kubahatisha. Tukasubiri neli.

Wiki hiyohiyo kina mama wa kijiji cha ujamaa, wakiongozwa na Mama Tadea, walikuja kujitolea usafi. Walisugua kila chombo kwa mchanga na kukisuuza ziwani, neli zikiwemo. Bwana Haule, aliyekuwa amekwenda Mbinga kufuata mafuta ya taa, aliporudi alishukuru mno. Kawaida huzisuuza kwa maji ya mvuke, yasiyobaki na kitu ndani, lakini zilivyong'aa! Naye ni Mnyasa, mtu wa ziwa. Kwetu kitu kikishaoshwa ziwani kimeoshwa. Akazitumia.

Neli ya Mama Vitalia ikachafuka. Daktari akaandika kwamba vitamini anayo, dawa nyingine hatuna, aruhusiwe; mumewe akaanza kufunga mizigo. Mara nikamwona Bwana Haule anakuja mbio, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku ile. Neli ya kulinganishia, aliyoiacha bila damu ya mtu yeyote, nayo ilikuwa imechafuka. Maji ya ziwa yana vitamini hiyo, na mabaki yake ndiyo yaliyowashibisha bakteria. "Mama Vitalia asitoke!" alisema. "Nimekosea mimi, msiwalaumu kina mama."

Akasafisha upya, akapima upya. Safari hii neli ya Mama Vitalia ilibaki angavu kabisa. Sindano ya B12, dawa ile nyekundu, nilimchoma mimi mwenyewe, na haukupita muda akanigombeza kwamba uji wangu ni mwepesi. Nilifurahi mpaka nikalia. Mama Tadea naye, hadi leo akipita dirishani huuliza kama kuna vyombo vya kuosha.

Bwana Haule, asante kwa kila neli uliyorudia ukiwa hoi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mvua nzuri shambani kwako. Taa anayo Raimundi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, na tumemwambia asiiache. Chakula cha leo kimepikwa na Mama Vitalia, aliyeteremka kutoka Matiri jana na gunia la maharage. Sahani yako anakuletea mwenyewe, ya moto. Tafadhali, usiinuke.