Kibirika Chekundu na Fundi Hamna Kitu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kulala chini ya magari ya watu, na kulipwa kwa kulala huko, fundi wetu mkongwe wa karakana anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, mtu anayemfahamu vizuri na asiyemwogopa. Wakaangaza huku na huku, wakaniona mimi, mtunza stoo ya vipuri, ninayezisubiri spana zangu kutoka kwake mpaka leo.

Jina lake la kazini ni Hamna Kitu. Wageni wakisikia tunamwita hivyo hudhani tunamtukana, kumbe jina alijipachika mwenyewe kwa mdomo wake. Dereva akilalamika gari linavuta upande, jibu ni hamna kitu hapo. Breki zinapiga kelele hadi majirani wanatoka nje, hamna kitu hapo. Gari moja lilitoa moshi mweusi tusionane, naye akasema linapumua. Kinachoudhi zaidi ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Aligonga kidogo, akakaza kidogo, gari likaondoka, na yeye akabaki anapiga mluzi kama vile hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukaza nati.

Hakuanza kama fundi. Aliajiriwa kuosha magari, na siku ya kwanza akaosha gari la Mkurugenzi madirisha yakiwa wazi. Hakufukuzwa. Alihamishiwa karakana, mahali ambapo ilidhaniwa hawezi kulowesha kitu. Huko akajifunza kazi haraka, akajifunza na kubisha haraka zaidi, kisha akamwoa dada wa dereva wetu wa lori. Tangu hapo hatukupata utulivu, maana mashemeji hao wawili hawajawahi kusalimiana bila kurushiana maneno. Dereva alidai dada yake ameolewa na kucha nyeusi. Fundi alijibu kwamba bila kucha hizo shemeji yake angekuwa anatembea kwa miguu.

Hapa lazima nieleze sheria moja ya karakana yetu, kwa kuwa niliitunga mimi na ninajivunia. Matambara ya kufutia oili yalikuwa yanaachwa kila mahali, na kila fundi ukimuuliza anakana, si langu. Nikaagiza kila mmoja aje na matambara yake kutoka nyumbani, ya kitambaa kimoja kinachojulikana ni cha nani. Mmoja alileta shuka la michirizi. Mwingine alileta sare ya shule ya mwanawe aliyemaliza. Hamna Kitu alileta pazia la sebuleni kwake, la njano lenye maua ya bluu, ambalo mkewe alikuwa amelichoka.

Kisha likaja lori. Mkurugenzi ameniomba kwa upole nisiiandike habari hii, kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Nimemsikia.

Lori lilinunuliwa limeshatumika, na lilipakwa rangi nyeupe mpya, tukaliita Bibi Harusi. Yaliyokuwa chini ya rangi hatukuuliza. Hamna Kitu alilipokea kwa heshima zote: akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akalisafisha, akalikausha, akalifunga, akaweka oili mpya. Injini ikanguruma vizuri sana. Mkurugenzi alifurahi hata akamwahidi ukuu wa karakana, na kiti cha kuzunguka kikanunuliwa, kikawekwa ofisini na nailoni yake, kinamngoja mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo taa ya oili ikaanza vituko. Ni ile nyekundu yenye picha ya kibirika. Lori likiwa hapa karakana, kibirika kimezima, adabu tele. Likipanda mlima na mzigo, kinawaka. Dereva akisimama, akizima injini na kuiwasha tena, kimezima. Dereva akasema kuna jambo. Shemeji yake akasema hamna kitu hapo. Akachomoa kijiti cha kupimia, oili imejaa na ni safi. Akabadilisha sensa, kile kifaa kinachoiwasha taa, kibirika kikawaka. Akabadilisha waya, kikawaka. Akakitukana, kikawaka. Mwishowe alifanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya: akachomoa balbu. Kibirika kikanyamaza, naye akatangaza kwamba lori limepona. Ni kumziba mtoto mdomo, halafu unasema ameacha kuumwa.

Ila dereva naye si mjinga. Ukizungusha ufunguo, taa ile lazima iwake kwanza ndipo izime. Akiwa njiani na mzigo wa saruji, alisimama kupumzika, akazungusha ufunguo, akaona haiwaki kabisa. Alimjua shemeji yake. Akanunua balbu duka la kando ya barabara, akaipachika, akaendelea. Mwanzoni mwa mlima mkubwa kibirika kikawaka. Akaegesha, akazima injini, akagoma kusogea.

Simu zikalia. Mwenye saruji analalamika, na Mkurugenzi, ambaye enzi hizo hakuwa na uvumilivu huu alionao leo, akasema dereva mwoga hana kazi kwake. Fundi aende akague. Akileta jibu kwamba lori ni zima, dereva akabidhi ufunguo na asirudi. Jamani, yule bwana alikuwa na watoto shuleni na mwingine mgongoni kwa mama yake. Hamna Kitu aliondoka hapa akifoka kwamba leo shemeji atamtambua. Nilikwenda naye kwa sababu alikuwa amebeba geji yangu ya kupimia presha ya oili, na mimi siachi kifaa changu kisafiri peke yake na mtu huyu.

Alifunga geji mahali pa sensa. Injini ikawashwa, dereva akakanyaga mafuta. Mshale ukapanda, ukalegea, ukaanguka chini. Hamna Kitu akachukua spana. Akalala chini ya lori, akamwaga oili kwenye ndoo, akashusha sampo. Kwenye mdomo wa pampu, palepale kwenye chujio, limenata tambara. Njano. Maua ya bluu.

Alikuwa amelisahau ndani siku ile alipokausha sampo. Injini ikifanya kazi kwa nguvu, pampu inalivuta tambara, linaziba, oili haipandi. Injini ikizimwa, linaachia. Kibirika hakikuwahi kusema uongo hata mara moja.

Dereva alilitazama sana. Mbele ya pazia lile amekunywa chai ya dada yake miaka mingi. Aliuliza swali moja tu, kama dada yake anajua pazia lake limefika wapi. Mimi nilicheka mpaka nikashika bampa. Hamna Kitu hakucheka. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akautazama mlima, na sote tukaelewa anachokiona: injini imekufa katikati, lori zito linarudi nyuma, na shemeji yake yumo ndani. Alilia. Najua leo ukumbini atakana. Mwacheni akane.

Basi dereva, baada ya kumtania maisha yote, akamwonea huruma. Akamwambia alitupe tambara porini, waseme pampu ilikuwa mbovu, kila mtu abaki na chake. Ilikuwa rahisi. Mimi mwenyewe nilishageuza uso pembeni, sijaona kitu. Hamna Kitu akakataa. Alisema lori hilo limeshasemewa uongo wa kutosha.

Akarudi, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akalibwaga tambara mezani kwa Mkurugenzi likichuruzika oili. Akasema taa ilikuwa sahihi, dereva alikuwa sahihi, tambara ni lake na balbu aliichomoa yeye. Dereva akabaki na kazi. Ukuu wa karakana ukapewa mtu mwingine, na Hamna Kitu hakuahidiwa tena mpaka leo hii anapoondoka. Mkuu mpya alikuja na kiti chake, kwa hiyo kile cha kuzunguka kikaletwa stoo. Nimekikalia mimi miaka yote hii.

Jina lake hakuliacha. Bado anasema hamna kitu hapo, ila sasa anasema akishatoka chini ya gari, si kabla ya kuingia. Na hafungi sampo mpaka ahesabu matambara yake kwa sauti, karakana nzima isikie. Mafundi wote aliowafundisha wanafanya hivyo hivyo, na wengine hawajui hata desturi hiyo ilianzia wapi. Leo wamejua.

Kamati ilipendekeza tumzawadie saa ya ukutani. Nimepinga. Mtu anayestaafu anataka saa ya nini? Tunampa kiti. Nailoni haipo tena, na gurudumu moja linalia, nawe, fundi, utatuambia hamna kitu hapo. Kitapelekwa nyumbani kwako na Bibi Harusi, na shemeji yako ameomba mwenyewe aiendeshe safari hiyo, akiwa hai na mzima, na mdomo wake ule ule.

Asante, fundi wetu. Tumekutania sana kwa sababu tumekupenda sana, na kiti tumechelewa kukupa. Spana zangu ziache mlangoni. Nenda ukapumzike na mkeo chini ya mapazia mapya, ule vizuri, ulale juu ya kitanda kwa mara ya kwanza mchana. Na huko mbele, mwili ukikuwashia kibirika, tafadhali, usichomoe balbu.