Clemens Mwananzumi, Baba Aliyetueleza Sababu

Baba Padre, ndugu, majirani na marafiki, mimi ni Vicent, mtoto wa kwanza wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nami nawaomba mnivumilie, maana Alhamisi asubuhi nilimsikia akipiga mluzi uani, na leo Jumamosi tunamzika.

Clemens Mwananzumi alizaliwa Kasense tarehe 4 Juni 1968, akasoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, akajifunza ufundi wa baiskeli, na mwaka 1990 akafungua kibanda chake Mazwi, alimofanyia kazi hadi Jumatano ya wiki hii.

Tarehe 15 Oktoba 1994 alifunga ndoa na mama yetu, Stefania, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Sharon na Lydia.

Baba alikuwa mkali, na fimbo yake naijua, kwani Agosti 2007, nikiwa na miaka kumi na mmoja, alinichapa kwa kupoteza pampu ya kazini, nikalia kwamba sikuigusa, hakunisikiliza, na Jumapili mteja akairudisha, baba mwenyewe ndiye aliyemwazima akasahau. Aliniita mbele ya mama na Sharon, akasema, "Vicent, nimekuchapa bure. Nisamehe, mwanangu." Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha.

Fimbo ile aliivunja akaitia jikoni, na tangu hapo akikataza jambo alikueleza kwa kadiri ya umri wako, ukiwa mdogo kwa maneno mawili, ukikua anakukalisha, anakuacha ubishe, na mara mbili Sharon alimshinda kwa hoja, akabadili uamuzi.

Jumatano jioni Lydia, aliyemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, aliomba kwenda Kabwe kuuza bidhaa dukani kwa mama wa rafiki yake, baba akakataa. Lydia akauliza, "Kwa nini, baba?" Akajibu, "Leo nimechoka, kesho nikitoka shamba nitakueleza yote." Lydia aliingia chumbani bila kuaga.

Baba hakuwa mgonjwa. Alhamisi tarehe 4 Desemba 2025, saa nne asubuhi, akipanda mahindi Kasense, alianguka, majirani wakamkimbiza hospitali kwa bajaji, daktari akatuambia moyo ulisimama njiani.

Lydia, mdogo wangu, umetuuliza sote sababu yake ilikuwa nini, mama hakuambiwa, nami sijui, na sitakutungia, ila najua alikusudia kukueleza, na hakukukasirikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kasense waliombeba, mafundi wenzake wa Mazwi waliofunga vibanda siku tatu, na jumuiya iliyokesha nasi.

Baba, hukupata nafasi ya kutuaga, basi sisi tunakuaga, pumzika, Mungu akupe amani yake.