Mama Povu: Jezi Hailowekwi Mpaka Mwenyewe Afike

Ifikapo Aprili 30, Mama Povu, dobi wa ukumbi wetu wa michezo, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja kazini, na siku hiyohiyo atastaafu. Tarehe yake halisi ilikuwa mwisho wa Februari. Aliomba mwenyewe aongezewe miezi miwili, na sidhani kama kuna mwingine hapa aliyewahi kuomba kuzidishiwa kazi. Sababu yake nitaieleza mbele. Mimi ni fundi umeme. Nimepewa jukumu la kuandika haya kwa kuwa chumba changu cha swichi kimepakana na chumba chake cha kufulia, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Wengi mnaosoma jarida hili hamjawahi kufika kwake. Ni chini ya jukwaa la mashabiki, ukishapita choo kibovu. Kuna mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kuwekea vitu juu, mabeseni, kamba za kuanikia, na dirisha dogo lililo usawa wa viatu vya wapita njia. Humo amefua jezi za klabu yetu, na kila mwaka jezi za klabu za nchi mbalimbali zinazokuja kwenye mashindano yetu ya kimataifa ya futsal. Mpira huu wa ndani ni wa watu watano kila upande, na kwa mbio zile mchezaji hutoka jasho hadi soksi zinakamulika. Timu huja na seti mbili tu za jezi, na mechi ni kila siku. Bila dobi hakuna mashindano, ingawa sijawahi kuona dobi akivishwa medali.

Mechi zenyewe hakuziona, alizisikia. Vishindo vya miguu juu ya kichwa chake vikija kwa pamoja, alijua tumefunga. Kukiwa kimya ghafla, tumefungwa. Alikosea mara chache sana.

Vituko navyo havikukosekana. Mwaka wake wa pili alichanganya taulo jekundu na jezi nyeupe, timu yetu ikaingia uwanjani na rangi ya waridi mbele ya wageni, ikashinda matano kwa moja. Wachezaji wakamsihi asizirudishie weupe wake. Mechi iliyofuata, kwa waridi ileile, tukachapwa saba, naye akasema tu kwamba rangi haichezi mpira. Kulikuwa pia na mchezaji wa akiba aliyekuwa akiilowesha jezi yake bombani kila baada ya mechi, ili ionekane naye ametoka jasho. Dobi hadanganywi kwa maji ya bomba. Lakini aliifua na kuianika pamoja na nyingine, hakumsema kwa mtu. Mimi nilimwona kijana bombani, na nilipomuuliza Mama Povu kwa nini hata hakumtania, alisema kila mtu ana lake linalomuuma.

La kwake lilimfika miaka mingi iliyopita, kwenye mashindano hayohayo. Golikipa wa klabu ya nchi jirani, kijana mrefu wa kuchekacheka, alizuia mpira kwa kifua, akasimama, akacheka, kisha akaketi kando ya mlingoti wa goli kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu. Hakuinuka. Daktari alimvua jezi palepale sakafuni apate kumkandamiza kifua, halafu wakambeba kumkimbiza hospitali. Mtu fulani, kwa mazoea tu, aliiokota ile jezi akaitupa kikapuni, na kikapu kikashuka kwa dobi kama siku zote.

Huko chini Mama Povu alikuwa amesikia ukimya, akadhani wageni wametufunga. Akaloweka, akafua. Jezi ya golikipa ilikuwa na doa la sakafu kwenye kiwiko, doa la aina inayowashinda madobi wengi. Alilisugua mpaka likatoka, akafurahi, akapiga pasi. Habari kwamba kijana amefariki zilimkuta jezi imeshakunjwa mezani.

Mama mzazi alikuja siku chache baadaye kuchukua mwili. Alipita ukumbini kuulizia vitu vya mwanawe, na Mama Povu ndiye aliyemkabidhi. Mimi nilikuwa mlangoni na ngazi yangu. Mama yule aliikunjua jezi, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo muda mrefu mpaka sote tukawa tunatazama ukuta. Kisha akaikunja tena.

"Umeifua vizuri, mdogo wangu," alisema. "Haina hata harufu yake."

Akashukuru, akaondoka. Sauti yake haikuwa na lawama, na nadhani ndiyo maana maneno yale yalimganda Mama Povu moyoni. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Tulimfariji kwa yale ambayo watu husema, kwamba hakujua, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alitujibu kwamba yeye anaishi kwa maji na hilo analijua kuliko sisi. Kazi yake aliifanya sawasawa, na kwa kuifanya sawasawa akamnyang'anya mzazi kitu cha mwisho. Sijui mtu anatubu vipi kosa la namna hiyo.

Tangu hapo akajiwekea sheria, na kila mgeni wa kazi aliyepita kwake aliisikia: "Jezi hailowekwi mpaka mwenyewe afike." Baada ya mechi alizitundika zikiwa na jasho lake, akaanza kupiga simu, kwa meneja wa timu, kwa mapokezi ya hoteli, kwa mke wa mchezaji ikibidi. Wote wamefika? Hata yule aliyeteguka? Akihakikishiwa, ndipo alipofungua bomba. Mapokezi walimchoka. Mara moja basi la wageni lilipasuka tairi njiani, na harufu ikapanda hadi ofisi ya mkurugenzi, akalazimika kula chakula cha mchana ndani ya gari lake. Mama Povu aliitwa, akakaripiwa, akaitikia ndiyo mkubwa, akarudi chini kuendelea vilevile. Jezi hazikuchelewa mechi hata moja. Kilichopungua ni usingizi wake.

Sasa ile sababu ya Februari. Klabu ya yule golikipa haikurudi kwetu tangu msiba ule, na mwaka huu ratiba ya Aprili ilipotoka, ilikuwamo. Mama Povu alitaka kumpelekea yule mama salamu, na pengine amwone kwa macho. Alitaka kujua kama amesamehewa. Aliniambia hivyo waziwazi, kupitia ukuta.

Timu ilipowasili alivaa aproni safi, akapanda juu kumwona kiongozi wa msafara. Ni kijana mdogo. Alijibu kwa adabu kwamba yule mama alishafariki, miaka kadhaa sasa. Kuhusu jezi hakuwa na habari. Golikipa mwenyewe alimsikia kwa jina tu. Mama Povu akatoa pole, akaomba namba ya simu ya hoteli yao, akashuka. Siku ile, baada ya mechi yao, sikusikia mashine mpaka kulipokucha, ingawa wageni walikuwa wamefika hotelini zamani.

Nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Mei, kampuni kutoka nje itachukua kikapu mara tu kipenga cha mwisho kinapolia, na chumba chake kitawekwa viti vilivyovunjika. Mwakani jezi zitakuwa zinazunguka kwenye mashine kabla mchezaji hajavua viatu. Tumeambiwa haya ni maendeleo. Mimi nitabaki na ukuta wangu, na kusema kweli nina huzuni.

Mama Povu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante. Tulipendeza mbele za watu kwa mikono yako. Jumamosi unapanda basi kwenda kwa binti yako na wajukuu, safari ya kutwa nzima. Tunakuombea magoti yasiyouma, usingizi wa kutosha, na nguo za kufua pale tu utakapotaka mwenyewe. Aproni yako uliyoisahau kwenye msumari tumeiona. Watu wa kampuni waliokuja kukagua chumba walitaka kuitia kwenye kikapu chao, tukakataa. Ukifika kwa binti yako, tupigie simu. Na hata ukipiga, sidhani kama kuna atakayeifua aproni hiyo.