Fomu Aliyoikimbiza kwa Baiskeli

Leo, tarehe 30 Novemba 1979, Mwalimu Barnabas Okwara anastaafu baada ya kufundisha fizikia katika shule yetu hapa Amukura kwa miaka ishirini na mmoja. Mimi ninayeandika nimetimiza miaka minane tangu nitoke kwetu Tororo. Yeye ndiye aliyenionyesha kiti changu katika chumba cha walimu, akanionya kwamba mguu mmoja ni mfupi.

Wanafunzi watamkumbuka kwa suruali iliyotobolewa na asidi, aliyoivaa mpaka mkewe, Mama Roselida, akaificha. Sisi tutaukumbuka mwandiko wake. Kila mwaka, hadi 1976, ndiye aliyejaza fomu zote za kidato cha sita za kuomba vyuo, kwa mkono wake mzuri.

Mwaka 1976 Nafula, binti wa mkulima wa Funyula, aliomba masomo ya ng'ambo, akachagua uhandisi wa nyuklia. Alikuwa amesoma kwamba urani kidogo tu huwasha taa za mji mzima. Kwao walisoma kwa mwanga wa koroboi. Mwalimu aliona kwa chaguo hilo atakosa yote. Kwa huruma, bila kumwuliza, akamwandikia "ualimu wa fizikia". Fomu ikapelekwa posta Malaba.

Nafula alipojua kesho yake, alikuja moja kwa moja chumba cha walimu. Hakulia. "Mwalimu, kama ni mbaya si ungeniambia? Sasa hayo ni maisha ya nani?"

Mwalimu aliacha chai yake, akapanda baiskeli. Madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani walimpigia kelele: "Mzee, pole pole! Uganda haihami!" Karani wa posta, Opolot, alimwambia barua ikishaingia guniani si yake tena. Mwalimu akalikalia gunia, akasema basi gari la barua litambeba pamoja nalo. Opolot akacheka, akalifungua.

Mwalimu akairudisha fomu shuleni. Nafula aliyakata maneno yale mwenyewe, akaandika yake, mistari ikipanda juu. Fomu ilikwenda na madoa yake, na nafasi akaipata. Sasa yuko mwaka wa tatu. Anaandika kwamba hesabu zinamtoa jasho hata kwenye theluji, na kwamba hangebadilisha.

Tangu siku ile Mwalimu hakumjazia mtu fomu tena. Alikaa kando, akajibu alipoulizwa.

Asante, Mwalimu. Wewe na Mama Roselida tunawaombea afya, ng'ombe wenye maziwa na usingizi mtamu wa mchana.

Mkuu wa shule amemwomba arudi Januari awachagulie kidato cha sita masomo. Amejibu kwamba watajichagulia. Hatarudi.