Kalamu Aliyoirudisha Wifi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya meza ya Fundi Saa, mtengenezaji wa saa na kalamu za zamani. Mwisho wa benchi ndipo Bibi Birika anapouzia kahawa. Ugomvi wote wa ukoo wake anauweka yeye kichwani, kama watu wanavyoweka nguo sandukuni: huu wa ukuta, huu wa kitanda, huu wa sufuria iliyoazimwa isirudi. Ila asubuhi ile alikuja na ugomvi mkononi, umefungwa kwenye leso. Kalamu ya wino ya marehemu mumewe. Wifi yake, dada wa huyo mume, kakaa nayo miaka tisa wakiwa hawasemezani. Leo kaituma bila salamu wala neno. Na haiandiki.

— Kanitukana, — alisema Bibi, akimimina kahawa mpaka ikamwagika. — Kaiua kalamu, ndiyo kanirudishia maiti.

— Kaiangusha huyo, — akasema Kinyozi, ambaye humwacha mteja na nusu kichwa aje kunywa.

— Wapi! Kaitia chai, — akasema Profesa, ambaye hajafundisha popote, jina kapewa na benchi. — Kalamu ikishaonja chai haitaki wino tena. Mkamia maji hayanywi.

— Mimi naona kaficha kikaratasi humo ndani, kina jina lako, bibi. Ngoja nivute hiki kichuma cha ubavuni...

Fundi Saa akamchapa Kinyozi mkono.

— Wewe! Kikiwa kigumu hakilazimishwi, utapasua ganda. Ndani kuna kifuko cha mpira. Unazamisha nibu, hii ncha ya kuandikia, kwenye wino, unavuta kichuma, kinaminya kifuko. Ukiachia, kifuko kinavimba, kinanyonya wino.

— Kama ndama kwa mamaye! — akasema Kinyozi.

Fundi akaisogeza shingo ya kalamu karibu na balbu ya taa yake, ipate vuguvugu tu, akaizungusha taratibu mpaka ikaachia. Kifuko kikatoka vipande vipande, kigumu kama ganda la yai. Profesa akaidaka nibu.

— Mmeona? Ina ufa katikati! Kaipasua makusudi! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi, tia gundi.

— Ukiziba ufa huo, wino upite wapi? Kichwani kwako?

Benchi zima likacheka. Bibi hakucheka.

— Niambie kweli, mwanangu. Kaiua, hakuiua?

Fundi akapitisha pamba ndani ya kalamu, akamwonyesha. Nyeupe, kama ilivyoingia.

— Bibi, mtu akiitupa kalamu kwa hasira, wino unagandia humu, tunakwangua siku mbili. Hii imeoshwa. Maji baridi, unavuta kichuma unaachia, unavuta unaachia, hata mara arobaini, mpaka maji yatoke meupe. Ikakaushwa, ndipo ikafungwa. Mpira umezeeka tu, kama sisi.

— Lini hiyo?

— Zamani sana. Haijaonja wino tangu hapo.

— Basi kafuta ushahidi! — akadakia Profesa. — Maneno hukaa kwenye mpira!

— Ndiyo maana barua za siku hizi kavu, — akasema Kinyozi. — Hazina mpira.

Bibi akaketi.

— Mnajua alisema nini siku tuliyogombana? Mbele za watu! Kwamba zile barua nilizompelekea mume wangu kule kazini, maneno matamu ni yake yeye, mimi hata kalamu sijui inashikwa wapi. Nilikuwa nasema mimi, yeye anaandika, kwa kalamu hii hii mume wangu aliyotuachia. Mimi ndiye nilikuwa nasema!

Fundi akagundisha kifuko kipya, akakipaka poda kisinate, akaifunga kalamu, akaijaza wino. Akachora mstari wa buluu kwenye kipande cha boksi. Inaandika.

Kulikuwa na mshona viatu mgeni, kikombe chake cha kwanza pale kijiweni. Akakohoa.

— Samahani, mimi mgeni. Huyo wifi kuandika anajua, kalamu anayo, miaka tisa. Mbona hakuandika hata neno moja?

Kinyozi akakumbuka mteja.

Bibi aliutazama ule mstari mpaka ukakauka. Moyoni akamwona wifi yake wa enzi zile kizingitini, kalamu juu, akingoja: «Enhe, wifi, leo tumwambie nini?» Hakuwahi kuanza kabla ya kuuliza. Na mume alirudi kwa barua zile zile, akaishi naye mpaka siku ya kuzikwa. Ule mkono ulioandika, Bibi hakuwahi kuushukuru.

Akaitia kalamu kwenye leso, akanyanyua birika.

— Bibi, sisi bado!

— Kahawa imekwisha.

— Birika limejaa hilo!

— Limejaa, ndiyo. La wifi yangu. Miguu haimbebi siku hizi, na mimi nina neno nataka aliandike.

— Neno gani?

— Asante. Mimi silijui linavyoandikwa. Yeye analijua.