Hodi ya Bi Khole kwenye Majani Marefu

Mimi, Turki, ndiye dereva bora wa mashine ya kukata majani kutoka Sur mpaka Nizwa. Mbuzi wa Jalan Bani Bu Hassan wakinisikia tu, hupoteza hamu ya kula. Ndiyo maana nimepewa mimi kuandika haya, ingawa na shule tuliachana mapema, bila ugomvi.

Lakini leo siku ni ya Bi Khole binti Suud. Anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya miaka kumi na tisa ya kutufundisha sisi wa uwanja wa gofu tusiwe maadui wa waliotutangulia hapa: kalunguyeye, mijusi, na yule ndege wa miguu ya manjano anayetaga chini mayai ya rangi ya kokoto.

Somo lake ni neno moja. Ukifika kwenye majani marefu, zima mashine, shuka, piga hodi. Wafanyakazi wenzetu waliotoka Kerala, Uhindini, hawajui Kiswahili, lakini hodi wanaitamka vizuri kuliko wajukuu zake. Ndege mwenye mayai huruka akakutukana matusi yote. Hilo ndilo jibu, unapita mbali. Siku moja nilimkumbusha kuwa kwa adabu zetu, hodi tatu usipojibiwa unarudi, basi pakiwa kimya mimi nirudi nikalale. Alicheka, akanipa reki.

Mwaka juzi, kabla ya mashindano, meneja alitaka kona ya bondeni ikatwe. Ndege walikuwa wanaatamia. Bi Khole akaweka kiti palepale, na chupa ya kahawa, na tende.

"Mwanangu," akamwambia, "nyumba ya watu haifyekwi wenyewe wamo ndani."

Meneja akanywa kahawa. Kona haikukatwa, vifaranga wakatoka, na wageni wakawapiga picha nyingi kuliko kombe. Kiti, kwa taarifa yenu, nilikibeba mimi.

Bi Khole, ahsante. Mungu akupe afya, na migomba ya kwenu Birkat al Mauz ikupe kivuli. Wallahi, hata usipokuwepo mashine nitazima.

Ila moja halikwenda sawa, nawe unalijua, maana nimekuona ukingoni mwa kona ile kila asubuhi, ukingoja ndege wakutukane mara ya mwisho. Kona tumeiacha, hodi tumepiga. Mwaka huu hakuna aliyetutukana.